Ovakloki Ilikuwa ya Watu wa Chipu Rahisi

Kwa DM swali ni moja tu: "Buda, hii mashine yangu ndogo naweza kuiovakloki?" Nikiuliza ni gani, naonyeshwa ThinkCentre Tiny ama EliteDesk Mini ya ex-UK, saizi ya Biblia. Jibu ni hapana, na hiyo hapana ina historia ambayo muuzaji wa Luthuli Avenue hatakusimulia.

Rudi Agosti 1998. Siku moja, Intel wanatoa Pentium II ya 450 MHz kwa dola 669 na Celeron 300A kwa dola 149. Celeron inafanya kazi hivi: madabodi inapiga mdundo wa 66 MHz, chipu inauzidisha mara 4.5, unapata 300. Kizidisho kimefungwa, hukigusi. Lakini mdundo haukufungwa! Wasee wakauweka 100, wakapata 450. Kache yake ilikuwa KB 128 tu dhidi ya 512 za Pentium, ila ilikimbia spidi kamili na ya Pentium nusu, so kwenye gemu nyingi hungejua nani ni nani. Chipu ya 149 inasimama na ya 669. Mazee, hiyo ndiyo ilikuwa ovakloki.

Kufunga kizidisho hakukuwa roho mbaya tu. Kuna wafanyabiashara waliokuwa wanafuta maandishi kwa chipu ya chini, wanaandika spidi ya juu, wanauza ghali. Kama umewahi kununua simu mtaani, hiyo biashara unaijua.

Shida ilikuja 2011. Intel wakaunganisha mdundo wa karibu mashine nzima, ukiusukuma kidogo vitu vingine vinayumba. Ukitaka uhuru, nunua chipu yenye herufi K, na madabodi ya bei. Ujanja wa mtu hana doo ukawa bidhaa ya mwenye doo. Walituachia Pentium G3258 mwaka 2014, ya kusherehekea miaka 20 ya jina Pentium. AMD ndio walifungua kweli, 2017, Ryzen zote, mradi tu madabodi isiwe A320. Na 2019 wakatoa Athlon 3000G ya dola 49, imefunguliwa. Kwangu huyo ndiye mjukuu halali wa Celeron.

Sasa ile ex-UK yako. Chipu yake ina herufi T, imefungwa, na BIOS ni ya ofisi. Hata ingefunguka, chaja yake mara nyingi ni ya wati 65 na kipoozi ni chembamba kama chapati. Niliacha chuo lakini hesabu hii ni ya sekondari: joto linapanda na spidi, na linapanda na voltiji mara voltiji. Ongeza spidi asilimia 10, toa voltiji 1.2 uipeleke 1.35, joto linapanda karibu asilimia 39. Ndani ya kasha dogo, linaenda wapi?

Na watu wa Gilgil, msidanganywe na baridi ya usiku. Tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama humusi moja, so feni ile ile inabeba joto kidogo. Ukikaa upande wa Kariandusi, wanakochimba diatomaiti, ongeza vumbi jeupe. Fungua kasha, safisha, ndio uanze kuongea spidi.

Mwenye 3000G kwa B450, wewe endelea. Panda 100 MHz kwa wakati, cheza gemu yako nzito nusu saa, angalia joto. Mwisho wa hiyo chipu ni nyuzi 95. Mimi nasimamia 80. Voltiji iweke mwenyewe, usiachie madabodi ikuchagulie, na usivuke 1.35.

Mwenye mashine iliyofungwa, fungua chini uangalie RAM. Nyingi zinauzwa na kipande kimoja na nafasi mbili. Grafiksi ya ndani inakula RAM hiyo hiyo, so kipande cha pili kinachofanana kinakupa fremu ambazo ovakloki isingekupa, na hakuna kinachochomeka.

Na muuzaji akikuambia i5-6500T "inafungulika tu", mwambie aiwashe, aingie BIOS, akuonyeshe ni wapi.