Jina la Bwana Kwenye Mizani ya Pamba

Katika Sala ya Bwana, kabla ya kuomba riziki, tunaomba kwanza jina la Mungu litukuzwe. Ombi hili lina historia hapa kwetu Simiyu. Mwaka 1888 wamisionari wa CMS walifungua kituo Nassa, kando ya Ziwa Viktoria, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Busega. Mwaka 1909 kazi hiyo ilipokelewa na Africa Inland Mission. Wasukuma walikuwa wakimtaja Mulungu hata kabla ya hapo. Kilichokuwa kipya ni watu waliobatizwa, wakalibeba jina lake mbele ya majirani. Majirani nao wakaanza kuwatazama.

Sisi wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega tumetazamwa zaidi kwenye mizani ya pamba. Wazee wetu waliuza pamba kwa wanunuzi binafsi. Wengi hawakujua kusoma mizani, wakalia kwamba wanapunjwa. Ndipo wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Mwaka 1952 Paul Bomani, mtoto wa mhubiri Msabato, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Kilikuwa kilio cha haki, na Mungu husikia kilio cha namna hiyo.

Lakini mwaka 1966 tume ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika nchini ilikuta ubadhirifu ndani yake, na mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Aliyepunjwa jana, akikabidhiwa mizani leo, naye hujaribiwa.

Tusome Walawi sura ya 19. Mstari wa 12 unakataza kuapa uongo kwa jina la Mungu, maana ni kulinajisi. Mstari wa 35 na 36 inadai mizani ya haki. Sura ni moja, na Bwana ni yule yule. Paulo naye, katika Warumi 2:24, anaonya kwamba Mungu hutukanwa kwa sababu ya mwenendo wa watu wake.

Basi tukiri. Wapo miongoni mwetu tuliomwagia pamba maji au kuchanganya mchanga ili iongezeke uzito. Wapo tulioshika kalamu ya karani tukapunguza kilo za mjane, kisha Jumapili tukaongoza pambio. Mjane yule hakutulaumu sisi tu. Alijiuliza huyo Mungu wetu ni wa namna gani.

Msimu wa kuuza utakapofunguliwa, twende na pamba kavu, safi. Aliye karani aandike kilo zilizopo. Aliyempunja mwenzake amrudishie, kama Zakayo alivyoahidi. Hapo ndipo tutakuwa tumelitukuza jina la Bwana kabla hatujafungua kinywa kuimba.