Popo wa Pemba na Sheria Zilizomkinga

Mwenye kufika Kidike, kisiwani Pemba, wakati jua limekwisha kupanda, huwakuta popo wamening'inia vichwa chini matawini, wamejitanda mabawa meusi juu ya manyoya yao mekundu mithili ya wanawake waliojitanda buibui; na mmoja akikunjua bawa kujipepea, hubainika ukubwa wake, maana toka ncha hata ncha mabawa hufikia mita moja na nusu. Popo huyu, ambaye mtaalamu wa wanyama Mjerumani, Matschie, alimwelezea kisayansi mwaka 1909, hapatikani popote duniani ila Pemba.

Wazee walimwinda kwa kitoweo tangu dahari. Ila ilipozagaa bunduki ya marisau, ambayo mlio wake mmoja huangusha wengi waliolala pamoja, ilhali jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, na misitu nayo ikikatwa, idadi yao ilipungua hata mwaka 1996 wakahesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Sheria za mataifa za kuwakinga popo kama hawa zilianzia mbali na hapa. Huko Guam, katika Bahari ya Pasifiki, popo ni chakula cha karamu. Walipoadimika kwao (aina moja haijaonekana tangu mwaka 1968), wafanyabiashara wakaagiza maelfu kwa maelfu kutoka visiwa vingine vya Pasifiki kama Samoa na Palau. Kwa ajili hiyo, mkataba wa biashara ya viumbe vya mwituni, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979, uliiweka biashara ya popo wote wa jamii hiyo, wa Pemba wakiwamo, chini ya idhini, na mwaka 1990 ukapiga marufuku biashara ya baadhi ya aina za Pasifiki.

Lakini mkataba hulinda bandarini, na nyama ya popo wa Pemba ilikuwa ikiliwa papo hapo kisiwani. Ndiyo maana naiona kazi ya vijiji kuwa kubwa zaidi: katikati ya miaka ya 1990 wanavijiji waliunda vikundi vya kuwalinda, wakakatazana uwindaji, na Kidike wageni wakawa wanalipa kiingilio kuja kuwatazama. Hesabu ya mwaka 2007 na 2008 ilipata popo baina ya 18,200 na 22,100.

Baadhi ya makundi hulala juu ya makaburi ya zamani, ambako mti haukatwi kwa heshima ya waliozikwa chini yake. Amri hiyo haikuandikwa na serikali yoyote, na ilikuwako kabla ya mikataba yote.