Kenya: Riba ya Benki Kuu, bei ya nyumba na marupurupu ya wakubwa

Kila baada ya miezi miwili hivi, Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Kenya hukutana jijini Nairobi na kutangaza kiwango cha riba. Redioni habari hiyo humalizika kwa sentensi moja au mbili: kiwango kimepandishwa, kimepunguzwa, au kimeachwa palepale. Msikilizaji wa nchi jirani huenda akadhani hayo ni ya Wakenya wenyewe. Hata hivyo, mabenki makubwa yenye makao yake Nairobi, yakiwemo KCB na Equity, yana kampuni tanzu Uganda, Rwanda, Tanzania, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hoja zinazopiganiwa Kenya kuhusu bei ya fedha hazichelewi kuvuka mpaka. Makala haya yanaeleza jinsi kiwango hicho kinavyomfikia mtu anayetafuta nyumba, na kwa nini kuna watu ambao hakiwafikii kabisa.

Kiwango kinachotangazwa si riba anayotozwa mteja. Ni kipimo cha msingi kinachoonyesha bei ambayo Benki Kuu iko tayari kuyakopesha mabenki, na juu yake kila benki huongeza gharama zake, hofu yake ya kutolipwa, na faida yake. Mikopo mingi ya nyumba nchini Kenya huwa na riba inayobadilika. Maana yake ni kwamba mkopaji husaini mkataba wa miaka 15 au 20 pasipo kujua atakuwa akilipa kiasi gani mwaka wa tatu.

Mwaka 2011 uliwafundisha wengi jambo hilo. Shilingi ilikuwa imedhoofika vibaya na bei za bidhaa zilikuwa zikipaa. Benki Kuu, iliyokuwa na kiwango cha asilimia 7 mwezi Septemba, ilikipandisha mwezi baada ya mwezi hadi kufikia asilimia 18 Desemba. Mabenki yalifuata, na riba za mikopo ya nyumba zikavuka asilimia 20. Aliyenunua nyumba mapema mwaka huo akiwa na hesabu iliyokamilika alipokea barua kutoka benki yake: ama aongeze malipo ya kila mwezi, ama aongezewe miaka ya kulipa. Nyumba ilikuwa ileile, na mshahara ulikuwa uleule.

Hesabu ya nyumba moja

Ili kuona uzito wa jambo hili, tuchukue mkopo wa shilingi milioni 9 unaolipwa kwa miaka 20. Kiasi hicho hakikuokotwa hewani, kwa kuwa katikati ya muongo uliopita wastani wa mkopo wa nyumba nchini Kenya ulikuwa karibu na hapo. Kwa riba ya asilimia 14, mkopaji hulipa takriban shilingi 112,000 kila mwezi. Kwa asilimia 9, hulipa shilingi 81,000. Kwa asilimia 3, hulipa shilingi 50,000. Miaka 20 ikiisha, wa kwanza atakuwa ametoa karibu shilingi milioni 27, na wa tatu milioni 12.

Hesabu hiyo inaweza pia kugeuzwa. Shilingi 50,000 kwa mwezi, zinazomtosha mwenye riba ya asilimia 3 kubeba mkopo wa milioni 9, humtosha mwenye riba ya asilimia 14 kubeba mkopo wa milioni 4 tu. Wote wawili wakifika mbele ya muuzaji mmoja, hakuna haja ya kuuliza ni nani atakayeondoka na ufunguo.

Msomaji anaweza kuuliza ni nani nchini Kenya anayekopeshwa kwa asilimia 3. Swali hilo ndilo linalotuingiza katika habari ya mishahara.

Mshahara usioitwa mshahara

Mjadala wa mishahara ya wakubwa Kenya huelekea kwenye tarakimu ya mwezi. Mwaka 2015 Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, alitangaza hadharani mali yake na kipato chake, jambo ambalo wakuu wa makampuni hulikwepa. Kipato hicho kilikuwa takriban shilingi milioni 9 kwa mwezi. Yaani mwezi wake mmoja ulilingana na mkopo wa nyumba wa kawaida ambao Mkenya mwingine angeulipa kwa miaka 20. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Makampuni, inayoyataka makampuni yaliyoorodheshwa katika soko la hisa kutoa taarifa ya malipo ya wakurugenzi wake.

Lakini tarakimu ya mwezi ni sehemu tu ya malipo. Sehemu nyingine ni marupurupu, na miongoni mwa marupurupu yenye thamani kubwa ni mkopo wa bei nafuu. Mbunge wa Kenya, kwa utaratibu uliowekwa chini ya Tume ya Mishahara na Marupurupu, anaweza kukopa hadi shilingi milioni 20 kwa ajili ya nyumba, kwa riba ya asilimia 3. Watumishi wa serikali wana mfuko wao wa nyumba, ambao umekuwa ukikopesha kwa asilimia 5. Wafanyakazi wa mabenki nao hukopeshwa na waajiri wao kwa riba iliyo chini sana ya ile wanayomtoza mteja aliyesimama upande wa pili wa kaunta. Haya yote ni halali na yameandikwa. Tena si mbunge peke yake anayefaidi. Karani wa benki na mtumishi wa serikali aliyebahatika kupata nafasi katika mfuko wamo pia. Ila ukubwa wa mkopo hufuata ukubwa wa cheo, kwa hiyo aliye juu zaidi ndiye apataye zaidi.

Sheria ya kodi ya Kenya, kwa bahati nzuri, haidanganyiki kuhusu jambo hili. Mwajiri akimkopesha mfanyakazi wake kwa riba iliyo chini ya ile ya soko, tofauti hiyo huhesabiwa kuwa ni manufaa ya kazi, na mwajiri huilipia kodi. Mamlaka ya Mapato hutangaza kila robo mwaka kiwango cha soko cha kulinganishia. Kwa maneno mengine, mtoza kodi anakiri kwamba riba nafuu ni sehemu ya mshahara, ijapokuwa haionekani katika hati ya malipo.

Hapa inafaa kukumbuka kisa cha Patrick Njoroge, aliyeteuliwa kuwa Gavana wa Benki Kuu mwaka huohuo wa 2015. Alikataa kuhamia katika nyumba rasmi ya gavana iliyoko Muthaiga, mtaa wa matajiri, akaendelea kuishi alikokuwa. Wananchi walimstaajabia, na mshangao wao ulikuwa ushahidi tosha wa mazoea yalivyo.

Kikomo cha 2016

Hasira ya wakopaji wasio na vyeo ilikuwa ya siku nyingi. Mnamo mwaka 2000 mbunge Joe Donde alipeleka mswada wa kuyawekea mabenki mpaka, ukapita, kisha ukakwama mahakamani. Mwaka 2016 mbunge Jude Njomo alijaribu tena. Wakati huo mikopo ya kawaida ilitozwa karibu asilimia 18, huku mwenye akiba benki akipewa kidogo mno. Rais Uhuru Kenyatta alitia saini mwezi Agosti, na kuanzia Septemba benki haikuruhusiwa kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kiwango kilipokuwa asilimia 10, mkopo haukuweza kuzidi asilimia 14.

Wakopaji walishangilia, ila furaha ilipoa upesi. Benki ikizuiwa kumtoza zaidi mteja inayemwona ana hatari, huona afadhali isimkopeshe kabisa. Fedha nyingi zilielekezwa kwenye hati za Hazina, kwa kuwa serikali ni mkopaji asiyehama mtaa. Wenye biashara ndogo walirudishwa mlangoni. Wengi walikimbilia mikopo ya simu, ambayo ilikuwa nje ya kikomo. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na kwa kuwa malipo hayo yaliitwa ada badala ya riba, sheria haikuyagusa. Asilimia 7.5 kwa mwezi, ikizidishwa kwa miezi 12, ni asilimia 90 kwa mwaka.

Kikomo kiliondolewa Novemba 2019. Wapo wanaosema kilishindwa kwa sababu bei haiamriwi kwa sheria. Mwandishi wa makala haya anaona jibu hilo halijakamilika, kwa sababu riba ya asilimia 3 kwa wabunge nayo imewekwa kwa amri. Tofauti ni kwamba ile ina mlipaji anayejulikana, yaani mlipa kodi, ilhali kikomo cha 2016 kilitarajia mabenki yabebe tofauti hiyo kwa hiari.

Nyumba hununuliwa kwa nini?

Katika nchi nyingi tajiri, riba ikishuka wanunuzi huongezeka na bei za nyumba hupanda. Kenya haifuati kanuni hiyo kwa ukamilifu, kwa sababu wanaokopa benki ili kununua nyumba ni wachache mno. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6; mikopo ya nyumba katika mabenki yote kwa wakati huo haikufika 30,000. Nyumba nyingi hununuliwa kwa fedha taslimu, au hujengwa polepole, chumba baada ya chumba, kwa mikopo ya Sacco ambayo kwa desturi hutozwa asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Bei katika mitaa ya Nairobi kama Kilimani na Kileleshwa husukumwa na ardhi na wenye fedha mkononi kuliko na tangazo la Benki Kuu.

Serikali imejaribu njia nyingine. Mwaka 2018 ilianzishwa kampuni ya kuyapa mabenki na Sacco fedha za muda mrefu, KMRC, ili yaweze kukopesha kwa chini ya asilimia 10. Mwanzoni mkopo haukuruhusiwa kuzidi shilingi milioni 4 Nairobi na viunga vyake, na milioni 3 kwingineko. Tangu 2023, kwa kusitasita kulikosababishwa na kesi mahakamani na kwa sheria mpya ya Machi 2024, mwenye ajira hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Makato hayo humgusa mlinzi wa usiku na mkurugenzi mkuu kwa asilimia moja.

Februari 2024 kiwango cha Benki Kuu kilipanda hadi asilimia 13 ili kuinusuru shilingi. Kuanzia Agosti mwaka huo kilianza kushushwa, na kufikia Agosti 2025 kilikuwa asilimia 9.5. Mabenki yalikuwa mepesi kupandisha na mazito kushusha, hata Benki Kuu ikalazimika kuyaonya kwamba itakagua vitabu vyake na kuyatoza faini. Katika miezi hiyo yote, mwenye mkopo wa asilimia 3 hakuwa na sababu ya kusubiri tangazo la Kamati.