Insha ya Shuleni (Kenya)

Insha ya shuleni ni utungo wa nathari anaouandika mwanafunzi darasani au katika mtihani wa Kiswahili, akapimwa kwa maudhui, mtindo, msamiati, sarufi na hijai. Nchini Kenya ilipata uzito mwaka 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima lenye mtihani.

Mtihani

Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mtahiniwa aliandika insha moja kwa dakika 40, ikasahihishwa kwa alama 40. Mara nyingi alipewa mwanzo tu, auendeleze. KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, ina karatasi nzima ya insha, 102/1, ya saa 1 na dakika 45. Maswali ni manne: la kwanza ni la lazima, kisha mtahiniwa huchagua moja kati ya matatu yaliyobaki. Kila insha ina alama 20.

Swali la lazima kwa kawaida huwa insha ya kiuamilifu: barua rasmi, hotuba, tahariri, mahojiano, ripoti au kumbukumbu. Hapa sura hubeba alama. Kumbukumbu, kwa mfano, hudai kichwa chenye mahali, tarehe na saa, kisha waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa, ajenda, mambo mengineyo, na mwishoni nafasi za sahihi za mwenyekiti na katibu. Mwanafunzi aliyesimulia mkutano kwa ufasaha akasahau waliotuma udhuru hupunguziwa alama, na kulalamika hakumfai.

Insha ya methali hutaka kisa kinachodhihirisha methali pande zote mbili. Kwa "Mchagua jembe si mkulima", wengi husimulia uchaguzi wakasahau kilimo kilichoharibika.

Ufundishaji

Zana kuu ni daftari la msamiati. Mwanafunzi hunakili tamathali, tashbihi na methali, akazikariri, akasubiri pa kuzibandika. Ndiyo maana katika maelfu ya insha mhusika *hurauka* majogoo, *hukoga*, *hustaftahi*, akavaa sare inayomkaa kama chanda na pete, akashika njia *guu mosi, guu pili*, hata kama swali lilihusu moto sokoni. Moto wenyewe hupata aya moja. Mapambo haya yana faida: mtoto wa Nyeri au Kisii asiyezungumza Kiswahili nyumbani hujifunza maneno ambayo asingeyasikia popote. Hata hivyo, anayeandika wazi kwamba aliamka akaenda shule huonekana mkavu, na hilo ni kosa la mafunzo kuliko la mtoto.

Kuandika upya rasimu iliyosahihishwa hufanywa kwa nadra. Madarasa ni makubwa, na insha 60 humla mwalimu wikendi nzima.

Tanzania

Tofauti na KCSE, katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne wa Tanzania insha ni swali miongoni mwa maswali, si karatasi ya peke yake.

Hali ya sasa

KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, mtaala wa umilisi ukachukua nafasi ya 8-4-4 katika shule za msingi. Baruapepe sasa inafundishwa kando ya barua rasmi.