Mawazo vamizi

Mama ananyonyesha, mara wazo linamjia: je, nikimtupa huyu mtoto chini? Hakulitaka, hajui limetoka wapi, na mwili unamsisimka kwa hofu. Hilo ndilo wanasaikolojia wanaloliita wazo vamizi. Likimng'ang'ania mtu hadi ajione analazimika kunawa, kukagua kufuli au kurudia sala ili atulie, hapo limeshakuwa ugonjwa.

Jina la zamani tunalo: wasiwasi, kutoka Kiarabu, mnong'ono wa shetani kifuani. Misikitini bado wanamwambia ana wasiwasi mtu anayerudia udhu kwa kutoamini kwamba maji yamefika kwenye kiwiko. Mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliuandikia sura nzima katika kitabu chake cha afya ya mwili na nafsi. Mtaani, hata hivyo, wasiwasi ni hofu yoyote, ya mtihani hata ya kodi ya nyumba, kwa hiyo kama istilahi limelegea.

Wala tusilichanganye wazo vamizi na kiwewe, ambacho Warundi hukiita ihahamuka. Kule Itaba, mkoani Gitega nchini Burundi, wanajeshi waliua raia wengi Septemba 2002. Picha inayomrudia manusura wa mauaji hayo ni ya jambo aliloliona kwa macho yake. Wazo vamizi ni la jambo ambalo halijatokea, tena mwenyewe analichukia.

Mwaka 1978 wanasaikolojia Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba watu wazima wa afya nao hupatwa na mawazo haya haya. Mmoja husema "upuuzi" akaendelea kumenya ndizi. Mwenziwe hujiuliza kama yeye ni muuaji, akaanza kulifukuza. Lakini wazo halifukuziki: mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwakataza wanafunzi wa Marekani kumfikiria dubu mweupe, matokeo akayatoa mwaka 1987, na dubu hakuwatoka. Wanaojiadhibu kwa ajili ya wazo, wakijitukana moyoni au kufunga ili watakasike, ndio huzidi kuumia.

Kwa hiyo "vamizi" lina kasoro yake, maana mvamizi hupigwa vita. Vitabuni libaki. Mbele ya mgonjwa ningesema "wazo linalokuja lenyewe", ingawa ni refu. Tiba nayo haimtaki alishinde: hufundishwa kuufunga mlango mara moja, asirudi kuukagua, akae na hofu hiyo hadi ishuke yenyewe.