Swichi za Mtu Nisiyemjua

Baba yangu alikuwa mwendeshaji wa teleksi Nairobi miaka ya sabini. Mashine yake ilituma kwa baudi 50: biti moja ya kuanzia, biti tano za herufi, kisha ya kumalizia. Alitueleza hayo mezani wakati wa chakula hadi sisi watoto tukachoka. Nani angedhani ningekuja kuyahitaji hapa Lowell, Massachusetts, nimepiga magoti garajini kwa jirani, mbele ya PDP-11/34?

Jirani ni mzee, fundi mstaafu. Mashine aliinunua mahali palipokuwa pakifungwa, na hakuna aliyejua ilitumika kwa kazi gani. Ilikotengenezewa si mbali nasi. Kampuni ya Digital Equipment Corporation ilianza 1957 katika jengo la kiwanda cha zamani cha sufi mjini Maynard, ikatoa PDP-11 ya kwanza 1970, na ndugu yake huyu, 11/34, akafuata 1976. Ken Thompson na Dennis Ritchie waliikuza Unix juu ya PDP-11. Mwaka 1998 Compaq ikainunua kampuni yote. Hayo yameandikwa sana, sitayarudia.

Shida yetu ilikuwa ndogo na ya kuudhi. Tulibadilisha kapasita, tukapima volti, tukawasha stima, feni zikavuma. Lakini kwenye skrini ya terminali, kimya. Mashine nzima, haina mdomo.

Mdomo wa kompyuta hizi ni bodi ya siriali, inayopokea herufi na kuituma kwenye waya biti moja baada ya nyingine, kama watu kwenye foleni ya matatu. Yetu ilikuwa DL11-W. Bodi kama hiyo haijitambulishi yenyewe. Nyakati zile kompyuta haikuulizana na vifaa vyake nani ni nani. Binadamu ndiye aliyeipa bodi anwani kwa swichi ndogo zisizozidi upana wa punje ya mchele. Konsoli, yaani terminali kuu, sharti ikae 777560, kwa hesabu ya msingi wa nane, na vekta yake ni 60. Vekta ni mahali prosesa inapokwenda kutazama bodi inapobisha hodi. Ukikosea swichi moja tu, programu ya kuwashia itabisha kwenye nyumba isiyo na mtu.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilibonyeza 777560 kwenye vitufe vya mbele, taa ya hitilafu ya basi ikawaka. Hakuna mtu. Mzee akaanza kulaani bodi, ati imekufa, tutafute nyingine. Nikamwambia, ngoja kwanza, tusome swichi. Tukaichomoa, tukachukua tochi na mwongozo wenye kurasa za manjano, tukazisoma moja moja. Anwani: 776500. Vekta: 300. Kasi: baudi 300. Saa: imezimwa. (Hizo 300 mbili zilitupotezea nusu saa. Ya vekta ni ya msingi wa nane, kwa hesabu yetu ya kawaida ni 192. Ya kasi ni 300 kamili.)

Kumbe bodi ilikuwa hai muda wote. Ilikuwa inangoja nyumba nyingine.

Mzee alifurahi, akachukua ncha ya kalamu tayari kuzigeuza. Mimi nikamshika mkono. Maana 776500 ndiyo anwani ya kawaida ya laini ya kwanza baada ya konsoli. Na saa, ile inayohesabu mapigo ya stima, 60 kwa sekunde huku Marekani na 50 kwetu Kenya, huachwa kwa bodi moja tu, kwa kawaida ya konsoli. Kwa hiyo palikuwa na bodi nyingine, iliyopotea. Hii ilikuwa ya pili. Na baudi 300 ni kasi ya modemu nyingi za simu za enzi hizo: herufi kama thelathini kwa sekunde, mara tatu ya Teletype ya baudi 110. Huenda kuna mtu aliyekuwa akiipigia mashine hii simu usiku kutoka kwake. Siwezi kuapa. Lakini zile swichi ndizo ushahidi pekee uliobaki wa mtu huyo, na sisi tulikuwa karibu kuufuta ili tuone herufi zikicheza.

Tulibishana. Mzee alisema mashine ambayo haizungumzi ni chuma chakavu, na hapo alikuwa na haki. Mimi nilimfikiria baba, aliyeandika kwa penseli kwenye ubavu wa mashine yake kila alipobadilisha kitu, na siku walipokuja kuichukua hakuna aliyenakili hata neno. Hapo nilikuwa na uchungu zaidi kuliko hoja, nakiri.

Mwishowe tulipiga picha za swichi zote kutoka pande mbili, nikaandika hali ya kila moja kwenye karatasi. Ndipo tukageuza. Kati ya 776500 na 777560 tofauti ni biti tatu tu; kati ya vekta 300 na 60, biti nne. Tukawasha saa, tukaweka kasi 9600. Tukaikagua pia kebo, kwa kuwa bodi hii inaweza kuzungumza kwa mkondo wa miliampea 20 kama Teletype, au kwa volti za RS-232 kama terminali yetu, na kebo isiyo sahihi haitoi neno.

Mara ya kwanza zilitoka takataka, mabano na alama za kuulizia. Terminali ilikuwa bado kwenye 4800. Mzee akairekebisha, nikawasha tena. Namba nne za tarakimu sita zikajipanga kwenye skrini, na chini yake, peke yake, alama @ ikingoja amri.

Ile karatasi tumeibandika ndani ya mlango wa kabati la mashine.