Kufungwa kwa Duka la Vitabu: Safari ya Kitabu Ukambani, 1895–2018

Utangulizi

Historia ya lugha na fasihi zetu imeandikwa mara nyingi kwa kufuata majina ya waandishi, miaka ya vitabu na maamuzi ya tume za elimu. Katika historia hiyo kuna mtu mmoja ambaye husahauliwa, naye ni muuza vitabu. Twajua jinsi tahajia ya Kiswahili ilivyosanifishwa, na twajua ni tume gani iliyoagiza lugha hiyo ifundishwe katika kila darasa. Lakini ni nadra kuuliza kitabu kilifikaje mkononi mwa msomaji, na ni nani aliyelipia safari hiyo.

Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kutoka mahali padogo. Salama ni kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, baada ya Malili na kabla ya Sultan Hamud, katika sehemu ya Ukambani ambayo leo ni Kaunti ya Makueni. Kutoka hapo hadi Nairobi si zaidi ya kilomita 100. Kila kitabu kipya kinachouzwa katika kituo cha namna hii kimetoka katika bohari ya jijini, kikapandishwa gari, kikashushwa mlangoni mwa mfanyabiashara. Kwa hiyo duka la jijini na duka la kando ya barabara ni ncha mbili za kamba moja, na ikikatika ncha moja, nyingine hulegea.

Kwa duka huru la vitabu twakusudia duka ambalo si mali ya misheni wala ya Serikali, bali la mtu au jamaa wanaoishi kwa faida ya kuuza. Hoja yetu ni kwamba duka la namna hiyo, katika Kenya, halikufungwa kwa kuwa watu waliacha kusoma. Lilifungwa kwa kuwa lilijengwa juu ya nguzo moja, yaani kitabu cha shule, na nguzo hiyo haikuwa mali yake. Ilipoondolewa, kilichoanguka hakikuwa kitabu cha shule, maana hicho kilipata njia nyingine. Kilichoanguka ni rafu ya pembeni, ambapo hadithi, mashairi, kamusi na vitabu vya lugha ya nyumbani vilikuwa vikimngoja mnunuzi wa nadra.

Kitabu cha misheni

Johann Ludwig Krapf alifika Ukambani mwaka 1849, akarudi tena mwaka 1851. Hata hivyo kazi ya vitabu iliyodumu katika sehemu za Makueni ilianza na Africa Inland Mission, ambayo kituo chake cha kwanza kilifunguliwa Nzaui mwaka 1895 chini ya uongozi wa Peter Cameron Scott. Scott alifariki mwaka uliofuata, lakini misheni ikaendelea. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956.

Yafaa izingatiwe kwamba katika kipindi hiki kuuza kitabu hakukuwa biashara. Misheni ilitafsiri, ikachapa, ikafundisha kusoma, kisha ikamuuzia msomaji iliyemfundisha yenyewe. Hata jijini hali ilikuwa karibu na hiyo. Duka la vitabu la Church Missionary Society mjini Nairobi, ambalo Charles Granston Richards alikuja kulisimamia mwaka 1935, lilikuwa tawi la kazi ya dini na ya shule. Katika kipindi hicho msomaji wa Kikamba alizoea mambo mawili ambayo hayakumtoka upesi: kwamba kitabu hutolewa na mwenye mamlaka, na kwamba kitabu husomwa kwa sababu ya wokovu au ya mtihani.

Kitabu cha shirika la umma

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kutokana na mapendekezo ya Elspeth Huxley, iliundwa East African Literature Bureau mwaka 1948, na Richards akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Shirika hilo lilitoa vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi nyingine za Afrika Mashariki, vingi vikiwa na nembo ya Eagle Press. Miongoni mwake kilikuwamo Mutunga na Ngewa Yake, kitabu cha Kikamba cha John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, kilichotoka mwaka 1954. Mwandishi huyo alikuja kujulikana duniani kote kwa maandishi yake ya Kiingereza juu ya dini na falsafa ya Kiafrika. Hata hivyo aliingia katika uandishi kwa mlango wa lugha ya mama.

Shirika hili lilitambua mapema kwamba kuchapa ni nusu ya kazi, na kufikisha ni nusu ya pili. Kwa hiyo liliendesha huduma za maktaba, pamoja na kupeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta. Huduma hizo ndizo zilizokuwa msingi wa Huduma ya Maktaba ya Taifa iliyoundwa kwa sheria nchini Kenya mwaka 1965. Lakini shirika lenyewe lilikuwa mtoto wa muungano wa nchi tatu, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, maisha yake yakakoma. Upande wa Kenya ukarithiwa na Kenya Literature Bureau, iliyopewa sheria yake mwaka 1980.

Wakati huohuo ardhi ya lugha ilikuwa ikihama. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 utaratibu wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulienea, na Tume ya Ominde ya 1964 ikauunga mkono. Tume ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya mazingira ya shule irudishwe katika madarasa ya chini, na mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu ukatolewa kwa lugha nyingi, Kikamba ikiwa mojawapo. Hata hivyo mfululizo huo ulikoma katika madarasa hayo ya chini. Mtoto alifundishwa kusoma Kikamba, kisha hakupewa kitabu cha Kikamba cha kusoma alipokwisha kujua.

Jaribio la Maillu

Mtu aliyejaribu kuivunja desturi hii alitoka karibu na Salama. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, alianzisha kampuni yake ya Comb Books mjini Nairobi katika miaka ya mwanzo ya 1970. Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle vilitoka mwaka 1973, na After 4.30 mwaka 1974. Vilikuwa vitabu vidogo, vya bei ndogo, juu ya pombe, mapenzi na taabu za karani wa mjini, na vilisomwa na watu ambao hawakuwa wanafunzi wala waumini wakati wa kuvisoma. Wahakiki wengi wa siku zile waliviona kuwa takataka. Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 Comb Books ilikuwa imekwisha.

Mtu anaweza kuukubali au kuukataa uamuzi wa wahakiki. Jambo ambalo mwanahistoria hana budi kuliona ni jingine. Maillu alithibitisha kwamba yupo msomaji ambaye hununua kitabu kwa hiari yake, kwa fedha yake, bila mwalimu kumwamuru. Ushahidi wa namna hiyo ulipatikana tena mwaka 1980, wakati Caitaani Mũtharaba-inĩ ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoandikwa kwa Kikuyu, ilipouza upesi nakala zake 5,000 za kwanza, ikasomwa kwa sauti majumbani na katika vilabu vya pombe. Msomaji hakukosekana. Kilichokosekana ni mahali pa kudumu pa kumkutanisha na kitabu, mwaka baada ya mwaka.

Mavuno ya Januari

Katika miaka ya 1970 vifaa vya shule za msingi viligawiwa na Serikali chini ya mpango wa pamoja, na nafasi ya mfanyabiashara ilikuwa ndogo. Mambo mawili yakaibadili hali hiyo. Kwanza, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, kutokana na ripoti ya Mackay ya 1981, ulileta mihtasari mipya na kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Pili, siasa ya kuchangia gharama ya mwaka 1988 iliwaachia wazazi mzigo wa kununua vitabu.

Kwa mzazi huo ulikuwa mzigo mzito, lakini kwa muuza vitabu ulikuwa mvua. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Duka lilichukua vitabu kwa mchapishaji kwa bei ya kipunguzo, mara nyingi kwa mkopo, likavipanga Desemba, likaviuza Januari, likalipa deni. Baki iliyosalia ililipa kodi ya nyumba na mshahara wa msaidizi kwa miezi iliyofuata. Baki hiyohiyo ndiyo iliyomwezesha mwenye duka kuweka diwani ya mashairi au kitabu cha Kikamba ambacho huenda kikakaa mwaka mzima kabla ya kununuliwa. Kwa maneno mengine, kitabu cha shule kililipia nauli ya kitabu kisicho cha shule.

Kiswahili kilifaidika sana kwa mpango huu. Soko lake liliongezeka, wachapishaji wakashindana, na riwaya au tamthilia iliyoteuliwa kutahiniwa ikauzwa mpaka katika vituo vidogo vya kando ya barabara. Lakini faida hiyo ilikuwa na mtego ndani yake. Kitabu cha Kiswahili kilichoteuliwa kilikuwa mfalme kwa miaka michache. Ambacho hakikuteuliwa kilikuwa yatima. Kikamba, kwa kuwa hakikuwa na mtihani, kilibaki na Biblia, nyimbo za kanisa na vijitabu vya madarasa ya chini.

Nguzo kuondolewa

Siasa ya vitabu ya mwaka 1998 ilifungua mlango wa ushindani zaidi, na elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, fedha za vitabu zilipelekwa katika akaunti za shule. Shule ilichagua kutoka katika orodha iliyoidhinishwa, kisha ikanunua dukani. Hicho kilikuwa kipindi cha neema, na pia cha majaribu. Palikuwa na shule zilizopokea risiti pasipo vitabu, na palikuwa na wauzaji waliozitoa risiti hizo. Si haki kuiandika historia ya biashara hii kana kwamba wote walikuwa mashujaa wa elimu.

Pigo la kwanza lilikuja kwa Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013, ambayo ilivitoza vitabu asilimia 16. Pigo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2017 Serikali ilitangaza kwamba itanunua vitabu vya shule za umma moja kwa moja kwa wachapishaji, kitabu kimoja kwa kila somo, na kuvipeleka hadi shuleni. Ugawaji ukaanza Januari 2018. Kusudi lilikuwa kila mwanafunzi awe na kitabu chake, kwa bei ndogo na bila wizi wa katikati. Kwa upande wa mtoto aliyekuwa akisoma kitabu kimoja na wenzake watatu, ni vigumu kuulaumu mpango huo.

Lakini magari yaliyobeba vitabu hivyo yalipita mlango wa duka bila kusimama. Chama cha wauza vitabu kililalamika, na maduka mengi nchini yakafungwa au yakageuka kuwa ya sare, madaftari na kunakili karatasi. Maduka makubwa ya jijini yalikuwa na wateja wa namna nyingi. Text Book Centre, lililofunguliwa Nairobi mwaka 1964, lilistahimili. Duka la kituo kidogo halikuwa na akiba ya namna hiyo. Mavuno ya Januari yalipokoma, hakukuwa na wa kulipia rafu ya pembeni.

Kilichofungwa

Huenda mtu akasema kwamba vitabu bado vyapatikana: vimepangwa chini kando ya barabara za Nairobi, katika yale maduka ya inama, na tena vyaweza kuagizwa kwa simu. Ni kweli. Lakini mwenye kuagiza hana budi kujua kwanza jina la kitabu anachokitaka, na muuzaji wa inama huuza hasa kile kilichokwisha kutumiwa na mwingine. Kazi ya duka ilikuwa kumwonyesha mtu kitabu ambacho hakujua kama kipo. Kwa lugha yenye vitabu vingi, kazi hiyo yaweza kufanywa na wengine. Kwa Kikamba, na kwa Kiswahili kisicho cha mtihani, hapakuwa na mwingine.

Hitimisho

Tumeona kwamba kitabu kiliingia Ukambani kwa mkono wa misheni, kikaendelezwa na shirika la umma, kikajaribiwa na mtu mmoja kwa gharama yake, kikaenezwa na mtihani, kisha kikachukuliwa na Serikali. Katika hatua zote hizo msomaji wa hiari hakujengewa nyumba yake mwenyewe. Alikuwa mpangaji katika nyumba ya mwanafunzi.

Dawa si kuurudisha wizi wa risiti. Huko Tanzania Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulimhakikishia mchapishaji ununuzi wa nakala 3,000 kati ya 5,000 zilizochapwa kwa ajili ya maktaba za shule, akabakiwa na 2,000 za kuuza sokoni. Mpango wa namna hiyo, ukitumiwa na kaunti kwa vitabu vya hadithi na vya lugha za nyumbani, na ununuzi ukipitishwa katika maduka ya mahali penyewe, waweza kuirudisha ile baki iliyolipia rafu ya pembeni. Nasi wa idara za lugha tuna sehemu yetu. Twasanifisha istilahi, twatunga kamusi na kuwahimiza vijana waandike kwa lugha zao. Haifai tuendelee kufanya hivyo pasipo kuuliza kitabu cha kijana huyo kitauzwa wapi, na nani, katika kituo kama Salama.